Hakuna Aliyeniuliza Nameza Nini: Barua ya Wazi Kuhusu Dawa ya Kifafa na Mawe ya Figo

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya. Kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Kwa waganga wakuu wa mikoa na wilaya. Na kwa kila mfamasia aliyekaa nyuma ya kidirisha cha dawa.

Wakubwa wangu, shikamooni.

Mimi ni fundi cherehani, mwanamke, nashonea sokoni hapa Dodoma. Nina kifafa tangu nikiwa darasa la tatu. Nawaandikia kuhusu bahasha, ile ndogo ya kaki mnayotutilia vidonge, ambayo juu yake mnaandika 1x2 kwa kalamu ya bluu na kuisukuma kidirishani huku mkimwita anayefuata. Kwa miaka miwili na ushei nilipokea bahasha hiyo kila mwezi. Ndani yake kulikuwa na topirameti, dawa ya kifafa inayoweza kutengeneza mawe kwenye figo. Wanaoijua dawa hiyo wanalijua jambo hilo tangu ilipoanza kuuzwa. Mimi nililijua nikiwa nimelala kitandani na dripu mkononi, mara ya pili.

Nianze nyuma kidogo. Utotoni nilitumia fenobabitoni kama wagonjwa wengi wa kifafa nchini. Nililala darasani mpaka mwalimu akachoka kunichapa. Baadaye nikahamishiwa sodiamu valproeti, nayo ikanituliza hasa: miaka minne sikuanguka hata siku moja. Mwaka 2021 nikaposwa. Nilipomweleza daktari wangu, akaniambia valproeti haimfai mwanamke anayetarajia kuzaa, kwa sababu inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Alisema kweli, na namshukuru mpaka leo. Shirika la Afya Duniani nalo limeshasema dawa hiyo isiandikiwe wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa. Akaniandikia topirameti, tukapunguza ile na kupandisha hii, taratibu, kwa wiki kadhaa. Mpaka hapo sina lawama na mtu.

Dawa ikanikubali. Sikuanguka. Ila vidole vilianza kunichoma kama nimeviweka kwenye njia ya siafu, na kwa mtu anayetunga uzi kwenye sindano hilo si jambo dogo. Nikakonda. Sokoni wakaanza kuninong'ona, mnajua wenyewe mwanamke akikonda ghafla hapa kwetu huwa anasemwa nini. Na kitu kimoja kilichonishangaza kuliko vyote ni kwamba soda ilibadilika ladha. Nilifungua chupa, gesi ikatoka, nikanywa, nikasikia maji ya sukari tu. Nikagombana na muuza duka nikidhani ananiuzia soda iliyochacha. Kumbe kasoro ilikuwa kwenye ulimi wangu, na laiti ningejua, ulimi ule ulikuwa unanipa taarifa ya figo zangu.

Nitalieleza hilo kama nilivyokuja kuelezwa, maana mgonjwa naye ana akili ya kuelewa akielezwa. Mwilini kuna kimeng'enya, yaani kitu kinachoharakisha kazi za mwili, kinachoitwa kaboniki anhidresi. Ulimini, ndicho kinachotuwezesha kuisikia soda ikichoma. Kwenye figo kina kazi kubwa zaidi: kinazisaidia kurudisha kwenye damu baikaboneti, ile inayopunguza uchachu wa damu, na kutupa asidi kwenye mkojo. Topirameti hukibana kimeng'enya hicho. Baikaboneti inavujia kwenye mkojo, damu inaelekea kwenye uchachu, na mkojo wenyewe unapoteza uchachu wake. Damu ikiwa chachu, figo zinaishikilia sitreti, hazitaki kuiachia itoke. Na sitreti ndiyo inayoikamata kalsiamu ndani ya mkojo isigande. Mkojo usio na uchachu, wenye sitreti kidogo, tena uliokolea kwa sababu mwenyewe hanywi maji: hapo mawe ya fosfeti ya kalsiamu yanaota vizuri sana.

Hii si siri. Karatasi ya maelezo ya dawa yenyewe, ile iliyokunjwa mara nane na kuandikwa Kiingereza kwa herufi za ukubwa wa chawa, inasema kwamba katika majaribio asilimia 1.5 ya watu wazima waliotumia topirameti walipata mawe ya figo, yaani mara 2 hadi 4 zaidi ya inavyotarajiwa kwa watu wa aina yao wasioitumia. Kwa watoto wachanga walio chini ya miaka 2 waliotumia dawa hiyo kwa mwaka mmoja, ilifika asilimia 7. Dawa nyingine ya kifafa inayofanana nayo, zonisamidi, ina historia ndefu zaidi: majaribio yake Marekani yalisimamishwa miaka ya 1980 kwa sababu ya mawe hayohayo. Japani iliisajili mwaka 1989, Marekani ikaja kuikubali mwaka 2000. Katika watu 991 waliofuatiliwa wakiitumia, 40 walipata mawe. Mtu anaweza kusema asilimia 1.5 ni ndogo. Ni ndogo kweli, kama wewe haumo. Lakini hesabu hizo zilifanywa kwa watu waliokuwa wakifuatiliwa na madaktari na kukumbushwa kunywa maji. Hazikufanywa kwa fundi cherehani wa Dodoma mwezi wa kumi.

Maana mimi nilikuwa sinywi maji, na nitawaambia kwa nini, ingawa ni aibu kidogo. Choo cha soko letu ni cha kulipia. Shilingi 200, siku nyingine 300, na uende uache cherehani na vitambaa vya watu. Ukifika, unatamani usingefika. Kwa hiyo sisi wanawake tunaoshona tumejifunza kubana. Asubuhi kikombe cha chai, mchana funda mbili tatu za kusukumia ugali, basi mpaka jioni. Wauza mitumba hivyohivyo, mama ntilie hivyohivyo, walimu wa shule ambazo matundu ya vyoo hayatoshi hivyohivyo. Mabasi ya kwenda Mwanza ndiyo usiseme. Mtu akiniambia kwa sauti ya jumla "kunywa maji mengi ni afya" nitaitikia na kusahau. Lakini mtu akinitazama usoni akaniambia, "Dada, dawa hii inatengeneza mawe kwenye figo za mtu asiyekunywa maji," ile shilingi 200 ningeilipa mara tatu kwa siku bila kunung'unika.

Maumivu ya kwanza yalinikuta usiku, mwaka 2022. Yalianzia kiunoni upande wa kulia, yakashuka mpaka kinenani, yakanikunja kama kitambaa. Nilitapika. Sijazaa bado, lakini walioko nyumbani waliozaa waliniangalia wakasema huyu ana uchungu. Mama mkubwa akasema ni chango, akaniletea mizizi ya kuchemsha. Kulipokucha nikaenda zahanati. Nchi hii kila homa ni malaria na kila maumivu ya chini ni UTI, kwa hiyo nikapewa dawa za UTI. Nikamaliza dozi. Wiki mbili baadaye nikarudi, nikapewa nyingine kali zaidi. Mara ya tatu mkojo ulikuwa na damu, ndipo nikaandikiwa ultrasaundi katika hospitali moja ambayo sitaitaja, kwa sababu naamini ningeenda nyingine yoyote mambo yangekuwa yaleyale. Jiwe likaonekana.

Daktari aliyenipokea alikuwa mpole. Akaniuliza natoka wapi, nikasema hapahapa. Akacheka: "Maji ya Dodoma hayo." Basi, kesi imekwisha. Maji ya visima vyetu yana chumvi, kila mtu anajua, hata birika zetu zinaota magamba meupe. Akaniambia ninywe maji ya chupa na niache mchicha na mlenda. Mgogo aache mlenda! Nikauacha, mwaka mzima, nikila kabichi kama sungura. Kumbe ushauri wa kuacha mchicha unahusu mawe ya aina nyingine, ya okzaleti. Ya kwangu, kama nilivyoelezwa baadaye, kwa dawa niliyokuwa natumia yalielekea zaidi kuwa ya fosfeti. Hakuna aliyeyapima kujua.

Na hakuna aliyeniuliza nameza nini.

Hapa lazima niwe mkweli, kwa sababu barua ya kulaumu upande mmoja haisomwi mpaka mwisho. Mimi mwenyewe sikusema. Nina madaftari mawili. Moja ni la kliniki ya kifafa, ambayo kwetu iko chini ya afya ya akili, na nalibeba likiwa limefunikwa kwa khanga, kwa sababu ukionekana nalo sokoni wateja wanapungua. Wapo wanaoamini mpaka leo kwamba povu la mtu wa kifafa likikugusa nawe unaanguka. Daftari la pili ni la magonjwa mengine, yale ya heshima. Siku ya maumivu ya figo nilibeba la heshima. Mwenye kifafa hazoei kujitangaza. Husubiri aulizwe, na akiulizwa hutazama kwanza nani yuko karibu. Ndiyo maana nasema swali liulizwe na mwenye koti jeupe, tena mlango ukiwa umefungwa. Mkitusubiri tuseme wenyewe, tutakufa na adabu zetu.

Kwa hiyo nikawa watu wawili. Kliniki ya kifafa walinihesabu miongoni mwa waliofanikiwa: haanguki, apewe dawa za mwezi mwingine. Kliniki ya mkojo walinihesabu miongoni mwa wanywa maji ya chumvi. Kila upande ulifanya kazi yake. Kati ya milango hiyo miwili kuna hatua kama arobaini, nimezihesabu, na hakuna karatasi iliyowahi kuzitembea.

Jiwe la pili lilikuja mwaka 2023. Safari hii lilikwama, nikalazwa. Aliyegundua alikuwa daktari kijana sana, bado yuko mafunzoni, amekuja usiku kunichoma sindano. Alinikuta natoa kidonge kwenye bahasha ya kaki niliyoificha chini ya mto. Akaniuliza, "Dada, hiyo ni dawa ya nini?" Nikamwambia kwa sauti ya chini. Akakaa kitandani. Akasema jina la dawa taratibu, kama mtu anayekumbuka mtihani, kisha akasema, "Hizi mbili zinahusiana." Ndiye aliyenichorea figo nyuma ya karatasi ya vipimo na kunieleza yote niliyoyaandika hapo juu, hata habari ya soda. Nilicheka nikilia. Nilimkumbuka muuza duka.

Sasa sikilizeni kilichofuata, kwa sababu ndicho kinachonitia hofu nikiandika barua hii hadharani. Nilipotoka hospitali nilikuwa na hasira. Nikaitupa ile dawa yote. Sikumwambia mtu. Siku ya tano nilikuwa napiga pasi gauni la bibi harusi, na pasi yangu ni ya mkaa. Nilipozinduka, mkono wangu wa kushoto ulikuwa umeungua kutoka kwenye kiwiko kuja chini, na watu wamesimama mbali. Kovu ninalo, gauni nililipa. Nimeambiwa kwamba nilikuwa na bahati: mtu akiikatisha dawa ya kifafa ghafla anaweza kuanguka mfululizo bila kuzinduka katikati, na hapo watu hufa. Kwa hiyo, ndugu msomaji mwenye kifafa unayeipitia barua ya wakubwa, kama unatumia topirameti na umeogopa, usiiache. Kunywa maji, kisha nenda kwa daktari wako ukamuulize. Wapo wengi inaowafaa. Kliniki kwetu kuna kijana wa bodaboda ambaye kabla ya dawa hii alikuwa anaanguka kila wiki. Leo mwaka wa pili hajaanguka, figo zake salama, na anatembea na chupa ya lita moja na nusu kama askari na bunduki. Pikipiki nimemwambia aiache, hanisikii.

Kwa hiyo, waheshimiwa, siwaombi muipige marufuku. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu milioni 50 wana kifafa duniani, na kwamba hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangetambuliwa na kutibiwa ipasavyo. Tunahitaji dawa nyingi zaidi, si pungufu. Ninachoomba ni kwamba dawa mpya ikija, na maarifa yake yaje pamoja nayo. Fenobabitoni tumekaa nayo miaka mingi. Daktari Louise Jilek-Aall alipoanzisha kliniki ya kifafa kule Mahenge, mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliwatibu watu kwa dawa hiyo, na leo muuguzi wa zahanati yoyote atakutajia ubaya wake bila kufungua kitabu: usingizi, uzito wa kichwa, usiikatishe. Topirameti imetufikia kupitia maduka ya dawa na kalamu za mabingwa, na yule muuguzi hakuletewa hata mstari mmoja.

Anzeni na bahasha. Ile nafasi iliyobaki pembeni ya 1x2 inatosha kuandika kwa Kiswahili: "Kunywa maji mara kwa mara mchana kutwa. Ukipata maumivu makali ya kiuno au mkojo wa damu, rudi hospitali na dawa zako. Usiikatishe mwenyewe." Muhuri wa mpira unaweza kugonga maneno hayo. Na ile karatasi ya ndani, TMDA mna mamlaka ya kumwambia anayeleta dawa nchini kwamba wanaoimeza wanasoma Kiswahili.

Kabla mtu hajaanzishiwa topirameti, aulizwe kama amewahi kuwa na mawe, au kama ndugu zake wanayo. Apimwe baikaboneti kwenye damu, na kipimo kirudiwe anapoendelea, mahali ambapo maabara ina uwezo. Pasipo na uwezo, kuuliza ni bure. Aangaliwe pia kama anapewa asetazolamidi na daktari wa macho, kwa sababu hiyo nayo hubana kimeng'enya kilekile, na mbili kwa pamoja ni kumwongezea mtu hatari juu ya hatari. Mtoto aliyewekwa kwenye lishe ya mafuta mengi kwa ajili ya kifafa aangaliwe zaidi, maana lishe hiyo peke yake huleta mawe. Na wazazi waambiwe kuhusu jasho: topirameti inaweza kulipunguza, hasa kwa watoto, joto la mwili likapanda. Mtoto wa Dodoma asiyetoka jasho, mchana wa Novemba, anacheza mpira juani. Fikirieni.

Upande wa pili wa zile hatua arobaini, fomu ya kuombea ultrasaundi iwe na mstari mmoja: dawa anazotumia mgonjwa. Nimewahi kushona sare za ofisi tatu na najua fomu huchukua muda kubadilishwa. Basi hata kabla ya fomu, daktari aulize kwa mdomo.

Na wanawake. Hapa naongea kwa uchungu wangu binafsi. Niliondolewa valproeti ili nizae salama, nikawekwa kwenye topirameti, na hakuna aliyenieleza kwamba nayo ina hatari zake kwa mimba: mtoto anaweza kuzaliwa na mdomo uliopasuka, au mdogo kuliko inavyotakiwa. Ulaya mwaka 2023 walitoa masharti mapya ya kuwakinga wajawazito dhidi ya dawa hii. Tena kwa dozi kubwa inaweza kupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango. Yaani dawa hiyohiyo inaweza kukuacha upate mimba usiyoipanga na kisha ikaidhuru. Sasa natumia lamotrijini, nimehamishwa kwa mpango wa wiki nyingi, kidogo kidogo kwa sababu ya hofu ya vipele. Naomba Wizara na wanaonunua dawa mhakikishe dawa mbadala kama hizi zinakuwepo mfululizo, maana kumhamisha mtu na kisha dawa ikaisha stoo ni sawa na kumpandisha ngazi na kuiondoa.

La mwisho ni la TMDA. Mnapokea taarifa za madhara ya dawa, kutoka kwa wahudumu na hata kwa sisi wagonjwa. Mawe yangu mawili hayakuripotiwa na mtu yeyote, kwa sababu aliyeyaona hakujua kuna dawa, na aliyejua dawa hakujua kuna mawe. Mkiwa na orodha ya madhara ya topirameti Tanzania, mimi simo. Wangapi wengine hawamo? Jazeni pengo hilo kwa kuzifuata kliniki za mkojo na kuuliza, msisubiri taarifa ziwafuate ofisini. Mimi mwenyewe nitaripoti wiki hii, nimeshajua kwamba inawezekana.

Jiwe la pili lilitoka lenyewe baada ya siku nne, dogo kama punje ya mtama, la kijivu, lina miiba. Nililichuja kwa kipande cha shifoni kama nilivyoelekezwa, nikalipeleka. Nikaambiwa maabara haipimi mawe, nilitupe. Sikulitupa. Liko kwenye kopo langu la vifungo, nimelifunga kwenye karatasi ya kung'aa ya pakiti ya vidonge vilevile vilivyolitengeneza. Siku mtakayopata pa kulipima, nitalileta.

Ni mimi,
Fundi cherehani, Dodoma